Baiskeli ya Saa Moja

Alhamisi, 3 Aprili

Nimenunua baiskeli. Naandika hapa kwa sababu nikimwambia mtu kanisani atacheka mpaka akae chini. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwenye magoti yanayolia na presha ya kupanda na kushuka, ati kanunua baiskeli ya mlimani katika kisiwa kisicho na mlima hata mmoja! Lakini daktari alisema niutumie mwili. Hakusema niutumie vipi.

Ni ya mitumba ila imetunzwa. Shoki iko mbele tu. Nyuma ni chuma kitupu, shimo ukilipita unalijua kwa kiuno. Gia ishirini na moja, breki za diski za kuvuta kwa waya, tairi nene zenye meno. Rangi ya kijivu. Bei ilikuwa ndogo mno, nikamuuliza Masha, fundi wa baiskeli wa Majengo, kama ni ya wizi. Akaapa kwa mamake. Kisha akauliza, "Wakaa wapi, mama?" Nikamwambia Ganjoni.

"Ganjoni? Si Mji wa Kale?"

"Ganjoni, bwana. Wataka nikuletee bili ya maji?"

"Basi ichukue," akasema, na akanishikia mlango kana kwamba anaogopa nitageuza nia.

Mvua ya kwanza ya masika imeanza jioni hii.

Ijumaa, 4 Aprili

Makalio! Sina la zaidi.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo nimeenda nayo kazini. Dakika kumi na mbili kutoka mlangoni pangu, na sikukaa nyuma ya lori hata moja. Nimefika nikiwa nacheka peke yangu.

Ofisi yetu hushughulikia makaratasi ya forodha, na iko ghorofa ya kwanza katika kichochoro nyuma ya Ndia Kuu, chembamba kiasi kwamba watu wawili wenye miavuli lazima mmoja aufunge. Hapo ndipo nilipogundua kuwa baiskeli hii ina sauti. Ukiacha kukanyaga ikawa yajiendea, gurudumu la nyuma hulia tikitikitiki, kwa ukali. Barabarani huisikii. Kichochoroni kuta zinaidaka na kuipeleka juu mpaka madirishani.

Nilipopita chini ya nyumba ya kona, dirisha la juu lilifunguka. Hakikutoka kichwa. Niliona vidole vinne tu vya mwanamke vimeshika ubao wa dirisha, hina yake imebaki kwenye ncha za kucha. Saa ilikuwa moja na robo.

Lennox, bawabu wetu, amenionyesha pa kuifungia, kwenye vyuma vya ngazi. Anasema nimekuwa mwanariadha. Namjua Lennox, yeye mdomo wake haulali.

Jumatano, 9 Aprili

Jioni nimetoka kazini, nimepanda baiskeli, miguu haifiki kwenye pedali. Kiti kimepandishwa kwa upana wa kiganja. Nilimgeukia Lennox moja kwa moja.

"Unanifanyia mzaha?"

"Madamu, mimi nina kazi ya kuchezea kiti chako?"

"Nani basi? Malaika?"

Akatazama pembeni. Nimekishusha na kukaza kibano. Mtu mzima na mvi zake kupoteza wakati kwa upuuzi kama huo.

Alhamisi, 10 Aprili

Kiti kimepandishwa tena. Upana uleule wa kiganja.

Ijumaa, 11 Aprili

Tena. Na cheni imetiwa mafuta. Sasa nani huyo mwizi anayeleta badala ya kuchukua?

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua kutwa. Mtaro wa Ganjoni umefurika, nimebeba baiskeli begani kama mkungu wa ndizi.

Jioni niliinama kukishusha kiti kama kawaida yangu sasa, nikasikia harufu ya udi. Si ya mtu aliyepita. Ilikuwa kwenye kiti chenyewe, kwenye vishikio vya usukani, na kwenye mfuko mdogo ulio chini ya kiti ambamo naweka pampu. Nimeishi na Waswahili maisha yangu yote. Najua mke anavyoweka kanzu ya mumewe juu ya chetezo ili ikolee moshi. Lakini nani anafukiza baiskeli?

Nilimwita Lennox anuse. Akanusa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Madamu, hii mimi siijui. Mchana wakati wa sala kichochoro huwa kitupu, nami huenda kula. Nikirudi nakuta kiti kiko juu. Nilinyamaza kwa sababu uliniona mimi ndiye."

Ni kweli nilimwona yeye ndiye. Nimemwomba msamaha, na ulinitoka kwa shida.

Baiskeli naiweka sebuleni. Nyumba nzima sasa inanukia udi, na nimefungua madirisha na mvua inaingia.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimepandwa na hasira.

Kuna bwana mmoja aitwaye Amin, ana duka la vitambaa mkabala na ofisi yetu. Mtu wa heshima, kanzu imenyooshwa, ndevu zimechanwa. Tangu nianze kuja na baiskeli amekuwa akiitazama kwa jicho baya. Leo alinisimamisha.

"Subalkheri, dadangu. Waonaje hali?"

"Alhamdulillahi," nikamjibu, maana adabu za hapa nazijua.

"Usinidhanie vibaya. Nina ombi. Kuna njia nyingine, ya kuzunguka upande wa Fort Jesus. Nakuomba baiskeli hii usipite nayo hapa."

"Kwa nini?"

"Nakuomba tu."

"Ni suruali yangu inayokuudhi, ama ni kanisa langu?"

Akafumba macho kidogo. "Astaghfirullah. Si hilo." Akarudi dukani mwake.

Basi kama si hilo, ni lipi? Babangu alikarabati reli za mji huu maisha yake yote. Nitapita ninapotaka.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Baada ya ibada niliendesha mpaka Mama Ngina, pale ufukoni, maana jua lilitoka na watu walikuwa wengi, familia na watoto wao wa nguo mpya. Niliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa bahari, nikanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Mama wa mihogo alikuwa anacheka na wateja. Alipoiona baiskeli, kijiko kikabaki hewani.

"Itoe hapo," akaniambia.

"Nimezuia njia?"

"Itoe hapo ilipo, mama, tafadhali. Ndipo ilipokuwa."

Niliihamisha. Ndipo akanieleza. Mwezi wa pili, asubuhi, kulikuwa na mwanamume aliyekuja kila siku baada ya sala ya alfajiri, akaegemeza baiskeli hii ukutani mahali palepale, akashuka kwenye mawe kuogelea. Siku hiyo bahari ilikuwa chafu. Wazee wawili wa kufanya mazoezi walimwona anachukuliwa, mkono ukainuka mara mbili, basi. Walitafuta siku nne, hawakumpata. Baiskeli ilikaa ukutani siku zote hizo, hakuna mtu aliyeigusa, na hakuna mtu aliyeiiba. Hapa Mombasa, baiskeli siku nne isiibiwe!

"Una hakika ni hii?"

"Nilikuwa naiona kila siku, toka mwenyewe afike mpaka aondoke. Ilivyochubuka pale mbele niliiona ikichubuka."

Mihogo sikuimaliza. Nimerudi nyumbani nikiisukuma.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemwendea Masha kabla ya kazi. Nilimkemea mbele ya wateja mpaka akanivuta pembeni. Ni kweli. Aliyemuuzia ni Amin, mwenye duka la vitambaa. Aliyezama anaitwa Ziad, fundi wa mafriji, ndugu yake Amin baba mmoja mama mmoja. Amin alimpa sharti moja: asimuuzie mtu wa Mji wa Kale.

"Nami nilikuuliza, mama. Ukasema Ganjoni."

"Ulipaswa kuuliza nafanya kazi wapi!"

"Hilo," akasema Masha akijikuna kichwa, "halikunijia."

Ofisini nilikuta kifurushi kimening'inizwa kwenye ukuta penye vyuma vya ngazi, mahali ninapoifungia baiskeli. Mkate wa kumimina, ungali moto. Lennox alikataa hata kuugusa. Nami sikuula. Nimeuacha ukutani na jioni haukuwapo.

Jumatano, 23 Aprili

Nimeiacha baiskeli nyumbani. Nimekwenda kazini kwa tuktuk. Nilipopita kwa miguu chini ya nyumba ya kona, dirisha lilikuwa wazi kabisa na mvua inaingia ndani.

Alhamisi, 24 Aprili

Tuktuk. Dirisha wazi.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo nimemwona Amin akilia. Sikujua kwamba ningeandika sentensi hiyo.

Alipanda ngazi mpaka ofisini, jambo ambalo hajawahi kulifanya, kanzu imelowa hadi magotini. Mkewe Badria alikuwa nyuma yake. Aliniomba tuzungumze, akakaa kwenye kiti cha wateja, akanieleza kila kitu.

Nyumba ya kona ni ya Ziad. Mwanamke wa dirishani ni mjane wake, Suhaila. Mashahidi walisikizwa, Kadhi ametoa uamuzi, sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo, imesaliwa, hitima imesomwa. Kilichobaki ni Suhaila kukaa eda, ule muda wa mjane kujitenga. Hataki. Anasema mume wake hakufa. Mwanzoni baiskeli ilikuwa ukumbini mwake, akiifukiza, akiitia mafuta, akikipandisha kiti kwa urefu wa mumewe. Amin alidhani ikiondoka naye atapoa. Akaiuza mbali. Majuma mawili baadaye, saa moja asubuhi, Suhaila aliisikia ikirudi.

"Awapikia watu wawili," Badria alisema. "Atenga sahani mbili. Twamwambia, Suhaila, ni mtu mwingine. Asema, niwasikilize nyinyi ama niisikilize baiskeli?"

"Sasa si nimeacha kupita? Ulichotaka si hicho?"

Amin alifuta uso. "Juzi haikupita. Jana haikupita. Leo asubuhi alitoka bila buibui, bila viatu, katika mvua ile. Suhaila, ambaye sijauona unywele wake miaka kumi na moja! Alikuwa yuwaenda Mama Ngina. Asema Ziad amekawia, yuwaenda kumtoa majini. Badria alimshika akiwa ameshafika kwenye mawe."

Nilisikia maji yakitiririka mferejini.

"Nilikuomba usipite," Amin akasema. "Sasa nakuomba upite. Mpaka tupate la kufanya. Usitazame juu, wala usiseme neno."

Nilikuwa nimemchukia mtu huyu kwa wiki nzima kwa jambo ambalo halikuwamo moyoni mwake. Nikasema nitapita.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimepita. Dirisha lilifunguka kisha likafungwa taratibu. Kiti juu, udi, mkate.

Jumanne, 29 Aprili

Nimepita.

Jumatano, 30 Aprili

Nimepita. Nimeula mkate. Kuutupa ni dhambi. Ulikuwa mtamu sana, na nilijiona mwizi.

Jumatatu, 5 Mei

Nimepita. Sikukishusha kiti jioni, nimechoka kukishusha. Nimeendesha kikiwa juu, kwa ncha za vidole.

Alhamisi, 8 Mei

Nimepita. Mvua haikatiki, kuta za kichochoro zimeota kijani. Mtu mmoja asiyenijua, mzee mwenye bakora, aliisikia baiskeli nyuma yake akapisha ukutani akasema bila kugeuka, "Pita, Ziad." Kisha akasimama palepale. Sikumtazama. Nilipita.

Jumanne, 13 Mei

Nimezoea kiti cha juu. Sijui tangu lini.

Ijumaa, 16 Mei

Jambo hili naliandika lote, nilione kwa macho.

Nimeamka kabla ya adhana. Mimi, ambaye kengele tatu haziniamshi. Nakumbuka nikivaa viatu. Sikumbuki kuishusha baiskeli ngazini. Nilipoanza kuwa na akili zangu nilikuwa nimesimama Mama Ngina, kumepambazuka nusu, hakuna mchuuzi, hakuna mtu. Baiskeli nilikuwa nimeiegemeza ukutani. Mahali palepale, mpini wa kushoto kwenye alama ya mkwaruzo iliyo ukutani. Viatu nilikuwa nimevivua na kuvipanga.

Sikuwa na kusudi lolote, naapa. Mimi siwezi kuogelea. Maji yalikuwa yanapiga mawe chini na nilikuwa nayatazama kwa utulivu, na huo utulivu ndio ulionitisha. Sikuwa na hofu hata kidogo. Hofu ilinijia nilipoviona viatu.

Nilikimbia mpaka barabarani peku, baiskeli mkononi, nikiita jina la Yesu kwa sauti. Mlinzi wa jengo moja alidhani nimeibiwa.

Kila asubuhi najifanya mtu aliyekufa. Hilo ndilo ninalolifanya, hata nikiliita wema. Na nahisi kuna kitu kimeanza kunikubali.

Jumapili, 18 Mei

Nimesali. Sikupata jibu, ila nimepata usingizi.

Jumatatu, 19 Mei

Nimepita. Dirisha lilipofunguka nilitazama juu. Nilivunja ahadi, ndiyo. Alikuwa ananitazama. Hakushtuka, hakulia. Alinitazama kama mtu anayengoja zamu yake kwenye foleni.

Jumanne, 20 Mei

Nilimwambia Amin nitapanda kwa Suhaila. Alikataa kwa ukali. Nikamwambia mimi ni mwanamke, hakuna la haramu, na kama hataki anishike mikono. Badria ndiye aliyesema, "Muache apande, Amin. Twamlaghai mwanamke aliyefiwa. Hata Mungu ametuchoka."

Nilipanda. Ngazi za nyumba zile zimesimama wima, unapanda kwa mikono na miguu. Suhaila alikuwa ameketi juu ya mkeka karibu na dirisha. Nilitegemea mwanamke aliyepotewa na akili. Nilimkuta mwanamke safi, nywele zimesukwa, macho makavu, chai imeshamiminwa. Vikombe viwili.

"Karibu," akasema. "Umekawia kupanda."

Nilipiga magoti kwenye mkeka nikatoa maneno niliyoyapanga tangu Jumapili. "Bibi, ni mimi. Naitwa Jael. Nafanya kazi ya makaratasi hapo mbele. Baiskeli nimeinunua. Hakuna mtu anayerudi. Kila siku ni mimi, nisamehe."

"Najua," akasema.

Mlangoni Badria, aliyepanda nyuma yangu, akashusha sinia.

"Tangu siku ya pili najua. Wewe wafunga breki kwenye kona. Ziad hakufunga breki pale maishani mwake, mara ngapi nimemgombeza? Kujua nilijua, Jael. Kukubali ndiko kulikonishinda."

"Basi udi wa nini? Mkate wa nini?"

"Nimfukizie nani udi tena?"

Aliutazama mkono wake, zile ncha za hina zilizokaribia kukatwa zote.

"Wanambia nikae eda. Nitakaaje? Maiti akiwa ndani, mke huitwa, huambiwa muwie radhi mumeo, nawe muombe radhi yake, kisha ndio hutolewa. Kila mke hapa kafanyiwa hivyo. Mamangu kafanyiwa. Mimi niliwia nani? Nimuombe nani? Hawakuniletea mtu."

Akapapasa mkeka, kisha akalisema lililobaki.

"Asubuhi ile aliiteremsha baiskeli ikiwa na matope, tairi ikapaka mkeka huu. Nilikuwa nimeuosha jana yake. Nikamwambia, nenda na baiskeli yako, na msirudi nyote wawili. Hivyo tu. Hakunijibu, akaenda zake. Kisha baiskeli ikarudi. Nikasema, ikiwa mmoja amerudi, mwenziwe yuwaja. Nimuombe radhi kisha aende anakotaka."

Badria alikuwa analia kimyakimya. Miezi mitatu anamtunza, na neno hilo hakuwahi kuambiwa.

Nikamuuliza, maana lilikuwa linanisumbua, "Bibi, Badria aliniambia dirisha lako hufunguka hata alfajiri."

"Ndio. Huisikia ikienda baharini. Wewe wapita saa yake ya kurudi."

"Alfajiri baiskeli huwa kwangu Ganjoni, imefungwa." Nilikumbuka ile Ijumaa. "Ni siku moja tu ilitoka, na hapa haikupita."

"Najua," akasema tena, kwa upole, na akanisogezea chai.

Kisha akaniomba niilete juu.

Kilo kumi na nne, kwa ngazi zile. Lennox alinisaidia mpaka mlangoni, akaishia hapo. Niliipindua juu ya mkeka, kiti chini, magurudumu juu. Matope yaliupaka mkeka. Suhaila aliyatazama, wala hakuyafuta.

"Lizungushe gurudumu," akasema. "Nisikie."

Nililizungusha kwa mkono mmoja gurudumu la nyuma, mara moja, si kwa nguvu. Likaanza kulia, tikitikitiki, na chumba kikajaa sauti hiyo.

"Ziad," akasema. Aliita kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili. "Niwie radhi. Neno lile lilinitoka na usingizi. Niwie radhi ya mkeka, na ya siku ile ya harusi ya Mariam nilipokuacha mlangoni saa nzima, na ya mamako, sikumuuguza kama ulivyotaka." Akaendelea. Alitaja mambo ya miaka kumi na moja, makubwa na ya kipuuzi, chumvi iliyozidi, barua aliyoifungua, mtoto ambaye hawakumpata, na lawama aliyomtupia Ziad. Chai yangu ilipoa. Adhana ya alasiri ilianza na kwisha.

Na gurudumu lilikuwa linazunguka.

Naandika nilichokiona, na Badria alikiona. Nililisukuma kwa mkono wangu mara moja. Gurudumu la baiskeli hii ukilizungusha husimama kabla hujahesabu sitini, nimelisafisha mara ngapi, nalijua. Halikupunguza mwendo. Nilitaka kulishika, mkono ukakataa kuinuka. Badria alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Nami nimekuwia radhi," Suhaila akamaliza. "Ya kila kitu. Ya kwenda. Nenda."

Likapunguza. Tik, tik. Tik. Likasimama.

Suhaila aliinama juu ya mkeka palepale kwenye matope, akalia kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu, na Badria akamkumbatia, nami nikawashika wote wawili. Mimi Mprotestanti na helmeti yangu kichwani.

Jumatano, 21 Mei

Suhaila amekaa eda leo. Amin alishindwa kuniambia, Badria ndiye aliyekuja. Sahani moja, alisema. Alitenga sahani moja mwenyewe.

Nilimuuliza kama nibadilishe njia, au niirudishe baiskeli. Suhaila alikuwa ameshalifikiria. Ametuma neno: niendelee kupita, ila nikifika chini ya dirisha nitaje jina langu. Kila siku, kwa sauti, ili masikio yake yajifunze.

Alhamisi, 22 Mei

Nilisema, "Ni Jael!" Niliona haya, wenye maduka wote waligeuka. Dirisha limefungwa. Kimya.

Ijumaa, 23 Mei

"Ni Jael, napita!" Kimya. Kiti hakikuguswa.

Jumatano, 28 Mei

Kila siku naita. Kimya. Badria anasema nikiita Suhaila hushtuka, kisha huendelea na tasbihi. Alfajiri hafungui dirisha tena.

Jumatano, 4 Juni

Mvua zimepungua. Kimya. Lennox anasema nipumzike, nimefanya ya kutosha. Nimemwambia anyamaze, kisha nikamnunulia chai.

Jumanne, 10 Juni

Saa moja na robo. Nilipinda kona, nikafunga breki kama kawaida yangu, nikaacha kukanyaga, gurudumu likaanza kulia. Nikaita, "Ni Jael, napita!"

Kutoka nyuma ya ubao wa dirisha, sauti ya mwanamke aliyekuwa anafanya jambo jingine, pengine anakunja nguo, ilisema, "Haya, Jael. Pita."

Nilifika kwenye vyuma vya ngazi nikashindwa kuingiza ufunguo kwenye kufuli. Lennox aliuchukua akaifunga baiskeli yeye, na hakuniuliza ninalilia nini.